Dogo wa IST aliyegonga boda: akubali kosa au akatae?

Mkuu, kwa faida ya wanaoingia sasa hivi niseme tulichoulizwa. Dogo wako anaendesha IST (gari dogo la Toyota) ya kubeba abiria. Jana jioni amegongana na bodaboda Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, karibu na Tabata Relini, na abiria wa boda amevunjika mguu. Gari limezuiwa kituoni, yeye katoka kwa dhamana na kesho kutwa anasomewa shtaka. Kila anayemwona anamwambia "kubali tu, utapigwa faini, bima italipa, yaishe." Tena ana deni la tochi (faini ya mwendo kasi) la 30,000 alilopigwa wiki hii.

Deni la tochi tulimalize haraka maana halina uhusiano na ajali. Ingia tms.tpf.go.tz, andika namba ya gari, angalia kosa, mahali na tarehe. Ukilipa kwa ile namba ya malipo, umekubali kosa na limekwisha hapo. Una siku 7, baada ya hapo linaongezeka. Kama hukubaliani nalo, usilipe kwanza halafu ndiyo ulalamike. Mwambie askari unataka kwenda mahakamani, na utunze karatasi. Mwendo wa mwisho kwenye maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa, kwa hiyo hoja ya "barabara ilikuwa nyeupe" haitakusaidia. Deni linaonekana kwa namba ya gari, kwa hiyo kama gari si lake, mwenye gari atalikuta.

Sasa ajali. Watu wengi hapa wanachanganya mambo mawili: kulipa notisi ya trafiki na kukiri kosa mbele ya hakimu. Ya kwanza ni 30,000 na maisha yanaendelea. Ya pili ni hukumu ya jinai. Kwa kesi ya kusababisha majeraha, mahakama inaweza kutoa faini au kifungo, na inaweza pia kumfungia leseni. Kwa mtu anayekula kwa usukani, leseni inauma kuliko faini.

Kuna na lingine ambalo washauri wa kijiweni hawalijui. Sheria ya Ushahidi inasema hukumu ya mwisho ya jinai, muda wa rufaa ukishapita, ni uthibitisho kamili kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa. Maana yake yule abiria akifungua madai ya fidia, dogo hawezi tena kusimama kusema hakutenda kosa lile. Mlango ulishafungwa siku aliyosema "ni kweli".

Ile "bima italipa" nayo mkaitazame kwa macho yenu kabla hamjaitegemea. Toa cheti cha bima, soma sehemu ya matumizi ya gari. IST nyingi mjini zinabeba abiria wa kulipia huku bima imekatwa ya matumizi binafsi. Hapo kampuni inaweza kugoma, au ikalipa kisha ikamgeukia mwenye gari. Mkiwa mmeshakiri mahakamani na bima ikagoma, mmebaki wenyewe.

Sisemi akatae kwa ubishi. Kama kweli alikuwa anachezea simu akampitia boda kwenye taa nyekundu, kukiri mapema ni jambo ambalo mahakama hulizingatia kwenye adhabu. Ninachosema ni kwamba aamue baada ya kusikia anachoshtakiwa nacho.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Karani anaita kesi, dogo anasogea kizimbani, shtaka linasomwa. Tangu 2021 sheria inatambua Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo likisomwa Kiingereza aombe lisomwe Kiswahili, bila aibu. Asikilize vitu vinne: namba ya gari, tarehe na mahali, jina la aliyeumia, na hasa maneno yanayoeleza uzembe wenyewe. "Bila uangalifu" peke yake haitoshi. Alifanya nini? Alihama njia bila kuashiria? Alipita upande usioruhusiwa?

Anaulizwa: ni kweli au si kweli? Hapa ndipo watu wanapoanguka. Mtu anajibu, "Ni kweli mheshimiwa niligonga, ila boda aliingia ghafla." Kwa sheria hilo si kukiri. Ni jibu lenye utetezi ndani yake, na hakimu anapaswa kuandika kwamba mshtakiwa amekana. Tatizo ni kwamba kwenye chumba chenye mafaili 40 mezani, "ila" inaweza kumezwa, ikaandikwa "ni kweli" tu. Kama ana "ila" yoyote, aseme "si kweli" na "ila" aitunze kwa ajili ya utetezi.

Akikubali, bado kuna hatua ya pili. Mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya kosa: alikuwa anatoka wapi, mwendo gani, alimgonga nani vipi, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi) inasema nini. Kisha anaulizwa kama maelezo hayo ni sahihi. Utaratibu huu uliwekwa wazi kwenye kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya 1973 na bado unafuatwa. Hatia inaingia baada ya kukubali na maelezo, wala si kabla. Kwa hiyo wakisoma "alikuwa katika mwendo kasi" na yeye alikuwa anatambaa kwenye foleni, aseme palepale: hapo si sahihi. Hakimu atabadilisha jibu kuwa amekana. Wengi wanaitikia tu "sahihi, sahihi" huku akili iko kwenye betri ya gari lililolala kituoni.

Ukishatiwa hatiani kwa kukiri, rufaa inabaki kwenye adhabu tu: ukubwa wake au uhalali wake. Kupinga hatia yenyewe kunawezekana kwa sababu chache zilizoorodheshwa katika Laurent Mpinga dhidi ya Jamhuri, 1983, kwa mfano jibu lilikuwa na utata, au alikiri kwa kutoelewa, au shtaka halikuonyesha kosa lolote. Ni njia nyembamba, usiitegemee.

Akikana, anaomba dhamana. Kosa hili linadhaminika. Mdhamini aje na kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa yenye mhuri, na aje asubuhi, maana mdhamini akichelewa dogo anaondoka na karandinga huku haki yake ya dhamana iko palepale. Baadaye ni usikilizwaji wa awali, ambapo mambo yasiyobishaniwa yanaandikwa: jina, leseni, kwamba ajali ilitokea. Akubali hayo, asikubali uzembe. Mashahidi wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, wakija ana haki ya kuwahoji. Hakimu akiona kuna kesi ya kujibu, dogo anaweza kujitetea, kuita mashahidi au kukaa kimya. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa Jamhuri. Katiba ibara ya 13(6) inasema asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike.

Namba za vifungu vya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai sizitaji kwa makusudi. Toleo la sheria zilizorekebishwa la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limezihamisha, na humu watu bado wananakili za zamani.

Kituoni kuna mambo ya kufanya leo hii. Kama hajaandika maelezo ya onyo (yale ya mtuhumiwa yanayochukuliwa na polisi), ajue ana haki ya kuambiwa kosa, kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, na kutolazimishwa kusema chochote zaidi ya kujitambulisha. Mahojiano yana saa 4 tangu aliposhikiliwa, yakiongezwa kwa utaratibu yasizidi saa 8 nyingine. Muda wa kusafirishwa au wa kusubiri wakili hauhesabiwi. Maelezo yakishaandikwa asomewe, arekebishe, ndipo asaini. Askari akiandika "sikumwona" wakati alisema "alitokea nyuma ya lori", neno hilo moja ndilo litakalosomwa mahakamani. Na dhamana ya polisi hailipiwi hata shilingi.

Ulizia mchoro wa eneo la ajali. Ulichorwa lini, na nani alikuwepo? Kama magari yalishasogezwa, vipimo vimetoka kwa maneno ya mtu. Nendeni leo mkapige picha: alama za breki, vioo vilivyosagika (mara nyingi vinaonyesha sehemu ya mgongano vizuri kuliko mahali gari liliposimama), upana wa njia, taa za barabarani kama zinawaka. Mvua moja tu na ushahidi umekwenda. Tafuta duka au kituo cha mafuta chenye kamera. Nyingi hufuta picha baada ya siku chache.

Gari likishakaguliwa, mwenye gari aombe kwa maandishi litolewe. Kabla ya hapo pigeni picha ya dashibodi yenye kilomita, betri, redio, tairi la akiba na jeki. Bima watahitaji fomu za polisi za ajali, PF 90, PF 93 na PF 115, pamoja na mchoro, kwa hiyo anzeni kufuatilia sasa.

Kuhusu familia ya majeruhi: mkamwone hospitali, saidieni matibabu. Ni utu, na si kukiri. Ila karatasi ya makubaliano isiandikwe "mimi niliyesababisha ajali". Andikeni "natoa mchango wa matibabu bila kukiri wala kukana kosa", kiasi, tarehe, saini na mashahidi wawili. Makubaliano hayo hayafuti kesi, maana mshitaki ni Jamhuri, hata majeruhi akisema amesamehe.

Wakili mkimkosa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo. Ulizeni watoa msaada waliosajiliwa, nendeni na hati ya mashtaka mkononi. Na ikitokea amehukumiwa kwenye mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, notisi ya kusudio la kukata rufaa ni ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu. Nakala iombwe kwa barua siku ileile ya hukumu, na barua yenu ya kubaki nayo igongwe mhuri wa kupokelewa.