Mkono Ukivimba Baada ya Kipimo, Je, Ni Kifua Kikuu?

SWALI: Shikamoo daktari. Mume wangu amegundulika kuwa na kifua kikuu. Mimi sikohoi, lakini nilipochomwa sindano ya kipimo, mkono ulivimba. Utotoni nilichanjwa BCG, ile chanjo ya kifua kikuu. Je, nimeugua?

JIBU: Marahaba, mama, na pole kwa kuuguza. Sindano ile hupenyeza ndani ya ngozi mchanganyiko wa protini za bakteria wa kifua kikuu, na chembe nyeupe za damu zilizowahi kukutana nazo hukusanyika pale, ndiyo maana baada ya saa 48 hadi 72 mhudumu hupapasa na kupima kwa rula upana wa uvimbe mgumu, wala si wekundu. Tatizo ni kwamba baadhi ya protini hizo zimo pia katika chanjo ya BCG, hivyo huenda mwili wako unaikumbuka chanjo tu.

Kipo kipimo cha damu kinachotumia protini mbili, ESAT-6 na CFP-10, ambazo bakteria waliodhoofishwa wa chanjo ya BCG hawana. Chembe zinazozitambua hutoa interferoni-gama, kemikali ya kinga ya mwili, nayo hupimwa. Hata hivyo, hakuna kati ya vipimo hivi kinachotofautisha vimelea vilivyolala mwilini bila kuleta ugonjwa na ugonjwa wenyewe, na mtu mwenye kinga dhaifu, kwa mfano kutokana na VVU, anaweza kupata jibu hasi ilhali ameambukizwa.

Kwa kuwa mnaishi nyumba moja, nakusihi usisubiri kikohozi: nenda kituoni ukachunguzwe dalili na kupigwa picha ya kifua, na ikionekana huna ugonjwa, uliza kuhusu dawa za kinga.