Mama yangu alikuwa muuguzi: jinsi tulivyojifunza kupokea zamu yake

Ndugu mleta mada, pole, na umefanya vema kuuliza mapema. Umesema mama yako, mwalimu mstaafu, sasa anauliza jambo moja mara nne ndani ya saa moja, na kwamba nyumbani mnabishana iwapo huo ni uzee tu au ni maradhi, na iwapo ni sawa kumsahihisha kila anapokosea. Swali la kwanza ni la daktari. La pili nitajaribu kulijibu mimi, kwa sababu tulimuuguza mama yetu kwa miaka tisa hapa Mafinga, na katika miaka ya mwanzo tulikosea karibu kila siku.

Mama alikuwa muuguzi mkunga. Alizaliwa upande wa Njombe, akaajiriwa 1976, mwaka mmoja baada ya mpango wa taifa wa chanjo kuanza, na sehemu kubwa ya utumishi wake ilipita katika zahanati za vijijini, ambako muuguzi ndiye mkunga, ndiye mtoa dawa, ndiye mwandishi wa rejista na pengine ndiye mfagiaji. Sisi watoto watano tulilelewa katikati ya zamu zake. Nikimkumbuka wa enzi zile namwona siku ya kliniki, mizani imening'inizwa kwenye tawi la mparachichi, mtoto amevalishwa kile kikaptura cha kupimia na analia kwa nguvu zote, naye anazisoma kilo kwa sauti ili mzazi azisikie kabla hazijaandikwa. Alikuwa akisema kwamba kadi ni ya serikali lakini kilo ni za mama na mwanawe. Usiku akigongewa alitoka bila kuwasha taa, asituamshe. Mkoba wake ulikaa nyuma ya mlango, tayari. Tabia hiyo ya kutoka usiku nitairudia.

Alistaafu akiwa na miaka 60, na mwaka wa tatu baada ya hapo dalili zikaanza. Alitia chumvi mara mbili kwenye mboga, akanunua mbolea ya kupandia wakati mifuko mingine ilikuwa stoo, nasi tukacheka. Kicheko kilikatika siku mdogo wangu alipomuuliza chanjo ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi mingapi. Ni jibu ambalo mama alikuwa amelitoa maelfu ya mara: tisa. Alinyamaza, akaitazama mikono yake, kisha akasema anakwenda kuangalia kuku.

Pale tulipompeleka kwanza tuliambiwa ni uzee, tukapewa vidonge vya vitamini, tukapoteza mwaka na nusu. Jibu la namna hiyo usilikubali kabla ya vipimo. Tezi ya shingo ikifanya kazi kwa ulegevu, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya muda mrefu, sonona, au damu iliyovilia ndani ya fuvu baada ya kuanguka, vyote vinaweza kumfanya mtu asahau, na vyote vina tiba. Daktari wa pili, tuliyemfuata Mbeya kwa basi kupitia Makambako, alivipima hivyo kwanza. Kisha akampa mama karatasi, akamwomba achore saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi. Mimi nilikuwa nimeanza kuwaza kwamba kipimo hicho hakikuwafikiria Waswahili, ambao husema tano huku mshale umesimama kwenye kumi na moja, lakini mama hakufika hata kwenye mishale: namba zote kumi na mbili alizibana upande mmoja, kama wagonjwa waliosongamana kwenye benchi. Huyu ndiye mtu aliyehesabu mapigo ya moyo kwa saa ya kubandika kifuani zaidi ya miaka thelathini. (Kwa wazazi wasiojua kuandika kuna njia nyingine, kipimo kilichoandaliwa kwa wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, hutumia njiti za kiberiti ambazo mzee hupanga kwa kufuata mfano.)

Tuliambiwa ni ugonjwa wa Alzheimer, uliopewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza kwa wenzake mwaka 1906. Protini iitwayo amiloidi hurundikana nje ya seli za ubongo, nyingine iitwayo tau hujisokota ndani yake, na seli hufa, kwa kawaida zikianzia pale panapohifadhi mambo mapya. Ndiyo maana mama alisahau chai aliyokunywa asubuhi lakini 1976 ilikuwa wazi mbele yake. Dawa aliyopewa, donepezili, ilimpa utulivu kiasi kwa muda na kumsumbua tumbo. Haiponyi, na daktari hakutudanganya kuhusu hilo.

Sasa nije kwenye swali lako la kusahihisha. Kila ilipofika saa kumi na moja jioni, baridi ikianza kushuka, mama alifunga kitambaa kichwani na kuanza kutafuta ufunguo wa kabati la dawa. Alikuwa amechelewa zamu. Nasi tulimwambia, kwa upole na baadaye kwa sauti ya juu, kwamba alistaafu na kwamba hakuna zahanati, naye alilipokea kila jioni kama pigo jipya. Kaka yangu, ambaye huamini maandishi, siku moja alimletea barua yenyewe ya kustaafu. Mama aliisoma mstari kwa mstari, akaikunja vizuri, akasema kwa huruma, "Sista huyu amefanya kazi miaka mingi. Mwambieni aje nimuage."

Usiku mmoja wa Julai, mwezi ambao huku kwetu baridi huunguza majani ya viazi, alitoka. Mtoto mchanga wa jirani alikuwa akilia. Saa nane usiku yule jirani akasikia hodi, akachungulia, akamwona bibi aliyejitanda shuka jeupe, hana viatu, anasema, "Fungua, nimsikie huyo mtoto anavyopumua." Mnajua wote neno lililosemwa asubuhi yake. Bibi kizee akikutwa nje usiku, kwa wengi wetu hahitajiki shahidi wa pili. Balozi wa nyumba kumi ndiye aliyetuokoa: aliita kikao, akatutaka tuueleze ugonjwa kwa jina lake bila kuficha. Tuliona aibu sana, lakini tangu siku hiyo jirani huyo huyo ndiye aliyekuwa akinipigia simu mama akionekana barabarani. Tukaongeza na komeo juu kabisa ya mlango, mahali ambapo hakuzoea kutazama.

Aliyetufundisha mengine alikuwa binti wa kazi, msichana wa Makete mwenye miaka kumi na tisa. Jioni moja, wakati sisi tunabishana na mama kuhusu ufunguo, alinyoosha gauni lake, akasimama wima mbele yake na kusema, "Shikamoo, Sista. Mimi ni wa zamu ya usiku. Naomba ripoti." Mama alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akaridhika, akaanza: kitanda cha pili amejifungua salama, apewe uji, cha nne ana homa, asiachwe peke yake, maji ya moto yapo kwenye chupa. Alipomaliza alifungua kitambaa, akaketi, akala ugali wake wote. Tulimnunulia kaunta buku na kalamu, na kwa karibu miaka minne zamu ilikabidhiwa kila jioni kwa maandishi.

Kaka yangu, ambaye ni mzee wa kanisa, alisema huo ni uongo na tunamfundisha binti wa watu kudanganya. Niliwaza sana juu ya hilo. Lakini yule binti ndiye aliyelala chumba kimoja na mama, ndiye aliyeamka mama akikohoa, ndiye aliyembadilisha nguo alfajiri. Kama hiyo si zamu ya usiku, basi sijui zamu ni nini.

Miaka ya mwisho Kiswahili kilimtoka taratibu, akabaki na Kibena chake, na wajukuu waliokulia Dar es Salaam wakajifunza angalau kumwambia "Kamwene". Alipofika hatua ya kushindwa kumeza vizuri, nimonia ilimpata, akafariki 2024 akiwa nyumbani.

Kwa mama yako, basi: anapouliza mara ya nne, mjibu kama ndiyo ya kwanza, kwa sababu kwake ndiyo ya kwanza. Siku akianza kutafuta chaki au kuulizia daftari la mahudhurio, msimpe tarehe ya kustaafu, mpeni daftari. Mkienda hospitali, bebeni dawa zote anazotumia ndani ya mfuko mmoja, hata za kununua dukani, maana baadhi ya dawa za usingizi na za mafua huzidisha usahaulifu. Na gawaneni usiku kwa zamu. Sisi tulimwachia dada yetu mkubwa peke yake kwa miezi minane, tukaja kuwa na wagonjwa wawili.