Bayogesi inagoma wakati wa baridi, mwezi wa kumi inafurika. Nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi fundi. Niko Isongole, Rungwe, nina ng'ombe watatu wa maziwa nafugia ndani na mtambo wa bayogesi wa kuba, mita za ujazo 6. Mwezi wa sita mpaka wa nane gesi inaisha hata maharage hayajaiva, nimeongeza samadi kutoka ndoo mbili hadi nne kwa siku lakini wapi. Ikifika mwezi wa kumi inajaa kupita kiasi, nafungua koki iende zake. Jirani anasema bayogesi inachafua hewa sawa na kuni tu, bora sola. Ni kweli? Na hilo joto la dunia, mi nasaidia au naharibu?

JIBU: Nzuri mama, ugonile. Umeuliza mengi kwa mpigo ila yote yanaishia kwenye kitu kimoja, hiyo gesi inaenda wapi.

Baridi kwanza. Bakteria wanaotengeneza gesi wanapenda nyuzi 30 na ushee, kwenye 20 wanajikongoja, chini ya 15 ni kama wamelala, na Isongole mwezi wa saba asubuhi unaijua mwenyewe. Sasa ukiwarundikia samadi wakati hawana nguvu ya kula hujawasaidia kitu. Piga hesabu: mtambo wako ni lita 6,000, ndoo nne za samadi na nne za maji ni lita 160 kwa siku, maana yake hata tukisahau ile nafasi ya gesi, kinachoingia leo kinasukumwa nje baada ya siku 37 hivi, na kwa baridi ya huko kinataka miezi miwili na zaidi. Linatoka tope bichi, bado linanuka na kutoa mapovu, yaani gesi yako inatengenezwa nje, kwenye shimo linakotokea tope, badala ya ndani ya kuba. Rudi kwenye ndoo mbili. Maji yaweke kwenye pipa jeusi juani tangu asubuhi, changanya kama saa nane mchana yakiwa na uvuguvugu, samadi iwe ya siku hiyo hiyo, juu ya kuba rundika majani makavu au pumba, na kama kuna mti unapiga kivuli pale punguza matawi.

Ila mi nina wasiwasi sio baridi peke yake. Mitambo mingi ya kuba ina kifuniko pale shingoni kinachozibwa na udongo wa mfinyanzi, na juu ya ule udongo panatakiwa pawe na maji muda wote. Kiangazi maji yanakauka, udongo unapasuka, gesi inapita kimya kimya na watu wanaisingizia baridi, maana huku kwetu baridi na kiangazi vinakuja pamoja. Mwaga maji pale uchungulie, mapovu yakipanda mfululizo ujue inavuja. Hapo ita fundi, usifungue mwenyewe na moto usisogee kabisa. Kwenye koki na maungio ya mpira paka povu la sabuni, litakuonyesha.

Haya, joto la dunia. Bayogesi asilimia kama 60 ni methani, ndiyo gesi yenyewe inayowaka. Ukiiwasha inageuka kaboni dioksidi na mvuke, na kaboni hiyo ilitoka hewani juzi tu, ikaingia kwenye majani, ng'ombe akala, haijachimbwa chini kama makaa ya mawe ya Kiwira. Ukiiachia bila kuiwasha, kilo moja ya methani inapasha dunia joto kama kilo 27 au 28 za kaboni dioksidi kwa kipimo cha miaka 100, na kwa miaka 20 ni kama mara 80. Mita moja ya ujazo ya bayogesi yako, hata kwa hewa nyepesi ya huko milimani, ukiiachia ni karibu kilo 9 za kaboni dioksidi, sawa na bodaboda kuchoma lita nne za petroli. Kwa hiyo kwenye jiko unasaidia, kwenye koki unaharibu, mama, nakwambia ukweli. Tena samadi ingekaa tu kwenye lundo linalopata hewa ingetoa methani kidogo kuliko mtambo, mtambo tumeujenga makusudi uitengeneze, sasa ukishaitengeneza lazima uichome.

Joto likianza kupanda mwezi wa tisa mwishoni punguza ndoo, samadi inayobaki ifanye mboji. Gesi ikizidi bado, chemsha maji ya kuoshea viwele, maziwa, chakula cha nguruwe, na hata jiko likiwaka bila sufuria ni afadhali kuliko koki wazi.

Jirani yako mwambie moto wa bayogesi ukiwa wa bluu hauna moshi, ukiwa wa njano rekebisha hewa pale kwenye jiko. Sola ni nzuri, nunua ya taa na simu, ila ya kusongea ugali kila siku utahitaji paneli na betri za hela ndefu sana.

Na lile tope bichi lililojaa shimoni sasa hivi lisikae hivo hivo, changanya na mabua makavu, ligeuze kila baada ya siku chache lipate hewa, mvua zikianza litakuwa limeiva kwa ajili ya viazi.