Maswali ya Wasomaji: Tunayoambiwa Kuhusu Krismasi

SWALI: Mpwa wangu aliyekuja nyumbani kwa likizo amekataa kutusaidia na maandalizi ya Krismasi. Anasema tarehe 25 Desemba ilikuwa sikukuu ya mungu jua wa Warumi, na kwamba kanisa liliiteka tu. Je, ni kweli?
Mama, Nyalenda, Kisumu

JIBU: Mama, mpwa wako ameshika nusu ya habari. Biblia haitaji siku wala mwezi aliozaliwa Yesu, na ni kweli kwamba Warumi waliabudu Jua Lisiloshindwa, ambalo Kaisari Aurelian alilijengea hekalu Roma mwaka 274. Hata hivyo, hati ya kale zaidi inayoiweka sikukuu ya jua tarehe 25 Desemba ni kalenda iliyoandikwa Roma mwaka 354, na katika mkusanyo huohuo wa maandishi ndimo tarehe hiyo inamotajwa kuwa siku ya kuzaliwa Kristo. Kwa hiyo anayeapa kwamba Wakristo ndio walioiga anadai mengi kuliko yanayosemwa na maandishi. Wapo wanahistoria wanaoona kwamba tarehe hiyo ilipatikana kwa hesabu, kwa kuwa Augustino, askofu na mwanateolojia wa kale, aliandika kuwa iliaminika Yesu alitungwa mimba tarehe 25 Machi, siku ileile aliyokuja kuuawa, na ukiongeza miezi tisa unafika 25 Desemba. Mjadala huo haujaisha. Kama kijana hataki kuchuna mbuzi, basi aseme hivyo, asiwasingizie Warumi.

SWALI: Katika mchezo wa Krismasi wa watoto wetu, mzee wa kanisa amemwondoa mtoto wa nne aliyekwisha kuvikwa leso begani na taji la karatasi, akisema kuwa mamajusi walikuwa watatu. Nimjibu nini?
Mwalimu wa shule ya Jumapili, Kakamega

JIBU: Mwalimu, mfungulie mzee Mathayo sura ya 2, kwa heshima, na umwombe akuonyeshe idadi hiyo. Hataipata. Zilizotajwa tatu ni tunu, yaani dhahabu, uvumba na manemane, na watu wa baadaye wakampa kila mgeni tunu moja ya kubeba. Majina ya Kaspari, Melkiori na Baltazari nayo yanatokana na mapokeo ya baadaye, wala Mathayo hawaiti wafalme. Isitoshe, anasema waliingia katika nyumba, ilhali waliomkuta mtoto horini ni wachungaji wa Luka. Na kwa kuwa Herode aliamuru wauawe watoto wa kiume wa miaka miwili na chini, yawezekana mamajusi walifika muda mrefu baada ya usiku ule. Hata mwenye nyumba ya wageni, ambaye hupewa kijana mwenye sauti kubwa kuliko wote, hamna katika Luka. Mrudishe mtoto wa nne; lenye mashaka ni taji.

SWALI: Je, Baba Krismasi alivalishwa nguo nyekundu na kampuni ya Coca-Cola?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Hapana. Matangazo yake maarufu yaliyochorwa na Haddon Sundblom yalianza mwaka 1931, na kufikia wakati huo magazeti ya Marekani yalikuwa yamekwisha kumchapisha akiwa na koti jekundu. Kampuni hiyo ilimtangaza sana tu, mavazi alikuja nayo.