Fyuzi ikikatika, usiiongezee ampea

SWALI: Nimenunua mashine ya pinboli ya mwaka 1987 kwa ajili ya chumba cha michezo nyumbani. Kila nikiiwasha, baada ya sekunde chache fyuzi ya koili (nyaya zilizoviringishwa zinazogeuka sumaku na kurusha chuma) inakatika. Nimebadilisha mara tatu. Fundi akaniambia fyuzi ya ampea 2.5 ni ndogo mno kwa koili zenye nguvu vile, akaweka ya ampea 10. Mashine ikakubali, tukacheza kama dakika tano, kisha harufu ya kuungua ikatoka chini ya uwanja, ule ubao ambao mpira hutembea juu yake. Koili inayorusha mpira kutoka shimoni imegeuka rangi ya kahawia. Je, ninunue koili mpya? Na fyuzi iwe ya ampea ngapi?

JIBU: Fyuzi iwe ya ampea 2.5, ile inayochelewa kukatika, kama ilivyoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kisanduku cha nyuma. Koili utanunua, ndiyo, ila usiifunge bado. Ukiifunga leo, itaungua kama iliyotangulia.

Maneno aliyokuambia huyo fundi nayasikia kila mara, na yananiudhi kwa sababu yana sura ya hesabu sahihi. Koili ya kurushia mpira ina ukinzani wa omu 4 hivi. Ikilishwa volti 25, inavuta ampea 6. Mtu akiona 6 upande huu na 2.5 upande ule, anahitimisha kwamba mtengenezaji alikosea. Hakukosea hata kidogo. Alichosahau fundi wako kuuliza ni kwamba koili hiyo inavuta ampea 6 kwa muda gani.

Mpira ukitumbukia shimoni, kompyuta ya mashine inaifungulia koili umeme kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kisha inaufunga. Chuma kinaruka, mpira unatoka, basi. Fyuzi inayochelewa inavumilia mshtuko huo mfupi hata ukirudiwa mchezo mzima. Isichovumilia ni ampea 6 zinazoendelea bila kukoma, na hapo ndipo inapokatika. Zako tatu zilikatika kwa sababu koili ilikuwa imewashwa moja kwa moja tangu ulipobonyeza swichi ya umeme. Zilikuwa zinafanya kazi yake vizuri kabisa.

Sasa fikiria ile ya ampea 10 mliyoweka. Ampea 6 kwake ni mzigo mwepesi, haitakatika kamwe. Volti 25 mara ampea 6 ni wati 150. Chuma cha kulehemu cha wati 40 kinayeyusha risasi. Wewe ulikuwa na wati 150 ndani ya koili inayoenea kiganjani, kwa dakika tano, chini ya ubao wa mbao uliojaa vumbi la miaka. Watu hudanganywa na udogo wa volti. Volti 25 hazitakurusha ukizigusa, lakini moto zinauwasha. Nashukuru uliisikia harufu mapema.

Kilichokufa ni transista. Kila koili ina transista yake kwenye bodi, ndiyo inayofungua na kufunga njia ya umeme kwenda ardhini. Ikiungua, mara nyingi inakufa ikiwa imeiacha njia hiyo wazi, na hapo kompyuta haina tena amri juu ya koili ile. Chomoa mashine ukutani, toa hiyo fyuzi ya 10, chukua multimeta, iweke kwenye kipimo cha daiodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu). Waya mweusi ugusishe bati la mgongoni mwa transista, mwekundu ugusishe mguu wa kushoto, kisha wa kulia. Nzima itakuonyesha kama 0.4 hadi 0.6 kwa kila mguu. Ukiona sifuri au karibu nayo, umeipata. Wakati wa kubadilisha, kama iliyokuwapo ni transista ya aina ya TIP122, unaweza kuweka TIP102 mahali pake, maana inabeba ampea 8 badala ya 5. Ibadilishe pia ile transista ndogo inayoipa amri, kwa sababu huungua pamoja mara nyingi na wavivu huiacha.

Halafu koili yenyewe. Ipime ukinzani ikiwa imetolewa. Ikisoma chini sana ya ile thamani yake, maana yake rangi inayofunika nyaya imeungua na nyaya zinagusana ndani. Ukiirudisha, itaua transista mpya siku hiyohiyo. Tazama pia daiodi iliyolehemiwa miguuni mwa koili, kama ya kwako iko hapo: upande wenye mstari unaelekea kwenye waya wa umeme unaoingia. Iliyokatika haizuii tena mruko wa volti koili inapozimwa, na transista ndiyo inayoupokea. Iliyogeuzwa ni shoti tupu. Nimeona koili mpya zilizofungwa na daiodi kinyume, na mwenyewe akaapa kwamba bodi ndiyo mbovu.

Na kwa kuwa ya ampea 10 ilikaa humo dakika tano, kagua pini za plagi zinazoingia kwenye bodi. Zilizogeuka kahawia zibadilishwe, zisikwaruzwe tu.

Nimeongea na wewe, lakini ninawasemesha wote wanaokusanya mashine hizi. Kanjanja wa kazi hii anajulikana kwa jambo moja: anatengeneza dalili. Fyuzi inakatika, anaongeza ukubwa. Flipa (kile kipande kinachopiga mpira) ni dhaifu, anapuliza mafuta ya kopo kwenye koili, mahali pasipotakiwa mafuta kabisa, yakakusanya vumbi na kushika moto kwa urahisi. Niliwahi kufungua mashine ambayo fyuzi yake ilikuwa imeviringishwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Karatasi ilikuwa imeng'aa bado. Transfoma chini yake ilikuwa nyeusi, na gamba la nyaya zake likabaki vidoleni mwangu nilipoligusa. Mwenye mashine aliniambia imefanya kazi vizuri mwaka mzima.

Mashine za michezo ya video nazo zina ugonjwa huohuo. Fyuzi ya skrini ya zamani ikikatika, mara nyingi ni transista ya pato la mlalo imeungua. Humo kuna kiwaya kinachofika volti elfu nyingi ubavuni mwa bomba la picha, na fyuzi ya kubahatisha inawaalika wasiojua kuingiza mikono.

Ukienda kununua nyingine, omba kisanduku cha nyuma kifunguliwe umeme ukiwa umechomolewa, kabla hujaangalia michoro wala taa. Soma namba zilizopigwa chapa kwenye kofia za chuma za kila fyuzi, ulinganishe na karatasi. Za Marekani zinazochelewa mara nyingi zimeandikwa MDL, za haraka AGC; za Ulaya ni T na F. Zile za vioo za magari mara nyingi huandikwa volti 32, na hizo kwenye laini ya umeme wa ukutani hazina nafasi kabisa. Namba moja ikiwa kubwa kuliko karatasi, uliza koili ipi iliwahi kubadilishwa, kisha ushuke chini ya uwanja ukaitafute iliyobadilika rangi.