Dawa za presha na sukari za mama: nilivyoshusha gharama bila kupunguza dozi

Dada uliyeuliza jana kama umkatie mama vidonge vya presha nusu nusu ili vifike mwisho wa mwezi, nakuomba usifanye hivyo. Nipo Busia, upande wa Uganda, na huu ni mwaka wa sita nanunua dawa za presha na sukari za mama yangu. Hilo la nusu sisi tulishalipitia. Mama mwenyewe alianza kimyakimya, leo anameza, kesho anaruka, kwa kunionea huruma. Nilikuja kujua usiku tuliompeleka hospitali kwa boda, tumembana katikati, anataka kuniita na ulimi haumtii. Siku nne za wodini zilikula pesa za dawa za miezi mitano.

Wakati ule nilikuwa natoa shilingi 170,000 kila mwezi. Sasa hazizidi 50,000, na dozi ni ileile aliyopewa na daktari.

Chanzo cha gharama kilikuwa ile karatasi ya dawa. Iliandikwa kwenye kliniki moja ya binafsi yenye famasia yake mlango wa pili. Ilikuwa na majina matatu, yote ya kibiashara. Nikienda duka lingine naambiwa hawana, basi narudi palepale. Aliyenifumbua macho ni mfamasia mmoja wa Mbale. Aligeuza boksi nililobeba, akaweka kidole kwenye maandishi madogo chini ya lile jina kubwa: amlodipine (ndiyo dawa yake ya presha), miligramu 5. "Dawa ni hii," akasema. "Hilo la juu ni jina la kibiashara tu la kampuni." Akashusha boksi lingine lenye jina tofauti kabisa, maandishi madogo yaleyale, bei haifiki robo.

Amlodipine ilianza kuuzwa na kampuni ya Pfizer kwa jina la Norvasc. Haki ya kuitengeneza peke yao ilishakwisha, Marekani iliisha 2007, ndiyo maana leo viwanda vingi vinaitoa. Metformin ya sukari ni ya zamani zaidi. Kwa hiyo rudi kwa daktari, msalimie vizuri, mwombe aandike jina la dawa yenyewe na miligramu zake. Nilikwenda nikiogopa ataona namfundisha kazi. Aliandika upya bila kinyongo, na dawa ya tatu akaifuta, kumbe ilikuwa vitamini tu. Mwaka mzima nilikuwa nainunua!

Najua wapo watakaosema dawa rahisi ni feki. Mimi siwezi kusema hivyo, kwa sababu shangazi yangu yuko hai. Anaishi na VVU, na mwaka 2000 ARV, yaani dawa za VVU, za mgonjwa mmoja zilikuwa zinafika dola 10,000 kwa mwaka na zaidi. Dkt. Peter Mugyenyi wa JCRC, kituo cha utafiti wa UKIMWI pale Kampala, akaagiza zilezile kutoka India, zilizotengenezwa na kampuni nyingine, wakati wengi walikuwa bado wanabishana kama inaruhusiwa. Februari 2001 Cipla, kampuni ya India, ikatangaza bei ya dola 350 kwa mwaka. Leo kiwanda cha Luzira kinatengeneza ARV hapahapa nchini. Shangazi amemeza dawa za namna hiyo miaka mingi na bado analima.

Feki zipo, lakini hazitambuliki kwa bei peke yake. Nunua famasia yenye leseni ya NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda, ukutani na mfamasia wa kuongea naye. Kidonge kilichomwagwa kwenye karatasi bila jina wala tarehe, acha. Boksi lenye maandishi kwamba ni mali ya serikali na haliuzwi, liache kabisa hata kama ni rahisi, maana limetoka mdomoni mwa mgonjwa mwingine.

Na hapo nije kwenye vituo vya serikali. Ada zilifutwa 2001, lakini sote tunajua kuambiwa "dawa zimeisha, kanunue nje". Jambo lililonisaidia ni kujua kwamba National Medical Stores, bohari ya dawa ya serikali, hupeleka dawa vituoni kwa mizunguko ya miezi miwili. Nilimuuliza nesi bila kificho mzigo huwa unafika lini. Sasa mama anaweka kliniki yake wiki ile, na mara nyingi metformin anaipata bure. Tukikosa, tunajaribu hospitali ya misheni, kwa sababu nyingi huagiza kwa Joint Medical Store, bohari ya dawa ya Nsambya, Kampala, iliyoanzishwa na makanisa 1979, na kwetu bei zao zimekuwa nafuu kuliko kliniki za mjini.

Amlodipine tunanunua familia tatu pamoja, boksi zima, tunagawana zile pakiti bapa za vidonge zilizomo ndani. Hatukati mahali penye tarehe ya mwisho wa matumizi.

Ila kuna dawa usizozibadilishia kampuni bila daktari kujua: za kifafa, na warfarin ya kuzuia damu kuganda. Hizo tofauti ndogo tu mwilini inaweza kuleta balaa. Na kama mama yako anatumia nifedipine ile inayojiachia polepole, kuikata ni hatari ya peke yake: dawa ya siku nzima inaweza kuingia kwa mkupuo, presha ikaanguka ghafla.

Piga picha ya karatasi yake, funika jina lake, uiweke hapa na bei unazolipa. Kesho jioni nitakuwa na nafasi, nitakuandikia jina la kila dawa iliyomo ili ukamwonyeshe daktari. Leo mpe mama kidonge kizima.