Imatinibu "imegoma"? Maswali yenu kuhusu CML

Maswali ya safari hii yote yanahusu saratani ya damu aina ya CML na vidonge vya imatinibu.

Nimemeza miaka minne. Je, mwili umeshaizoea?

Nimeshalijibu hili mara nyingi: mwili hauizoei. Zinazobadilika ni seli za saratani. Imatinibu huishika protini ya BCR-ABL na kuizima. Umbo la protini likibadilika, dawa haina tena pa kushika.

FBP (kipimo cha jumla cha damu) yangu ni safi. PCR (kipimo cha kiasi cha BCR-ABL kwenye damu) ya nini tena?

FBP huweza kuwa safi huku ugonjwa ukirudi chini kwa chini. Kwenye PCR, BCR-ABL isizidi asilimia 10 mwezi wa 3 wa matibabu, asilimia 1 mwezi wa 6 na asilimia 0.1 mwezi wa 12. Pimia maabara ile ile.

PCR ya mume wangu ilikuwa asilimia 0.08, sasa ni 1.4. Ahamie dawa kali zaidi?

Bado, dada. Kwanza hesabuni vidonge vilivyobaki, mlinganishe na tarehe aliyopewa. Kisha mwelezeni daktari kila kitu anachomeza, dawa za asili zikiwemo. Rifampisini ya TB hupunguza imatinibu kwenye damu kwa takriban robo tatu. Fenitoini na kabamazepini za kifafa nazo huishusha. Hapo usugu unaouona si usugu, ni dozi isiyofika.

Rudieni PCR. Ikithibitika imepanda, ombeni kipimo cha mabadiliko ya jeni kabla ya kuchagua dawa, maana kubahatisha kunapoteza miezi. Likionekana badiliko la jeni liitwalo T315I, zile dawa kali zaidi, nilotinibu na dasatinibu, zote hazifanyi kazi. Inahitajika ponatinibu au asiminibu. Badiliko la F317L huelekeza kwenye nilotinibu, la Y253H kwenye dasatinibu. Mtajieni daktari pia kama ana kisukari au shida ya moyo au mapafu: nilotinibu hupandisha sukari na kudhuru mishipa, dasatinibu huweza kujaza maji kifuani.

Kichefuchefu kinanisumbua, naruka siku mbili kwa wiki. Kuna shida?

Kubwa! Unapoteza karibu asilimia 30 ya dawa. Utafiti wa Hospitali ya Hammersmith, London, wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa waliomeza chini ya asilimia 90 ya dozi wengi wao hawakufikia ile asilimia 0.1 ya BCR-ABL. Meza ukiwa unakula, kwa glasi kubwa ya maji, na omba dawa ya kichefuchefu. Usijipunguzie mwenyewe dozi ya miligramu 400.

Nikisahau leo, kesho nimeze mbili?

Hapana.

Jirani ana nilotinibu, anigawie?

Usithubutu. Hiyo humezwa tumbo likiwa tupu, saa mbili baada ya chakula na saa moja kabla ya kingine, na huanzwa baada ya ECG (kipimo cha umeme wa moyo) kwa sababu huvuruga mapigo ya moyo.